Royce Tackett Anatafuta Bastola Isiyoonekana

Royce Tackett alikuwa na bastola sita kabla hajaanza kutafuta bastola. Hilo halikumshangaza mtu mtaani kwetu. Hapa Oklahoma bastola ni kama sufuria: unaweza kuwa na kabati zima, na ile inayotakiwa leo ndiyo huna.

Iliyotakiwa ilikuwa ndogo na nyembamba, ya kuvaliwa chini ya fulana na kaptura siku ya Jumamosi. Mtu akimkumbatia asiihisi, upepo ukivuma usiichore. Na aliyekuwa anafichwa bastola hiyo hakuwa jambazi. Majambazi hatuna, isipokuwa yule aliyeiba mashine ya kukatia nyasi ya mchungaji, naye alijulikana kabla ya chakula cha mchana kwa sababu alianza kukata nyasi. Aliyekuwa anafichwa ni Janna, binti wa Royce mwenyewe, mtoto wake wa pekee.

Janna ni muuguzi wa watoto huko Tulsa, chumba cha dharura. Anayoyaona huko hayasimulii, na sisi hatumuulizi. Alipojifungua mtoto wake, Opal, aliwakalisha wazazi wake mezani, akazungumza kwa sauti ile anayotumia kuwaambia watu wasile kitu kabla ya upasuaji.

"Baba, sikuambii uziuze. Sikuambii usiende kuwinda. Zilizo kabatini zikae kabatini, na kabati lifungwe. Lakini mtu mwenye bastola mwilini hamshiki Opal. Hata akiwa wewe."

"Hata ikiwa imefungwa vizuri?"

"Hata ukiishona."

"Sasa, mwanangu, kama—"

"Baba. Ukinificha, nikija kujua, utamwona Opal siku anakuja kukuonyesha leseni yake ya udereva."

Royce akasema sawa. Mkewe, Twyla, akasema amina. Jumatatu yake Royce akaenda kutafuta bastola ambayo Janna hataiona.

Ungemuuliza kwa nini asiiache tu ndani kwa saa chache za Jumamosi, angekutazama kana kwamba umemshauri aende kanisani bila suruali. Mimi, mama wa nyumba ya pili, nilimuuliza, kwenye uzio, akiwa anamwagilia nyanya zake.

"Jirani, mtoto atakuwepo," alinijibu. "Sasa siku mtoto yupo ndiyo niiache?"

Basi hesabu yake ilikuwa hiyo: babu lazima awe na bastola kwa kuwa mjukuu yupo, na mjukuu hatakuwepo kwa kuwa babu ana bastola. Sisi wa upande huu wa uzio tuliona duara. Yeye aliona mstari ulionyooka kama nguzo.

Na nguzo alizijua. Tangu ujana wake Royce alikuwa fundi wa nyaya za umeme. Wakati wa baridi, barafu ilipolemea nyaya zikakatika na mji mzima ukawa giza, wanawake walitoka barazani na mablanketi mabegani, wakatazama mwisho wa barabara mpaka waone taa ya gari lake. "Royce ameshafika," waliambiana, na walianza kukunja mablanketi kabla hajapanda hata nguzo moja. Baba yake alikuwa na bunduki, ndiyo, lakini aliitundika kwenye dirisha la nyuma la pikapu, kila mtu akaiona, na haikuwa siri wala haikuwa habari. Ilikuwa ya kuwindia kware na paa. Royce alilelewa hivyo. Kuficha hakukuwa tabia ya ukoo.

Kisha bega la kulia likafa. Madaktari walilipasua, wakalishona, wakamwambia asipande tena kitu kirefu kuliko kiti. Baridi iliyofuata umeme ulikatika, akatoka barazani na blanketi kama sisi wengine. Umeme ukarudi. Ulirudi bila yeye, na haukuchelewa zaidi ya siku zote. Sikumsikia akilalamika. Alianza tu kubeba bastola.

Duka la silaha limepakana na duka la donati, na nyuma yake kuna uwanja mdogo wa shabaha. Nyuma ya meza hukaa Gaylon, aliyesoma na Royce tangu darasa la kwanza na ambaye hajawahi kumheshimu.

"Unataka ya kubeba au ya kupiga?" Gaylon alimuuliza.

"Kuna tofauti?"

"Ndugu yangu, ndogo ni raha kubeba, karaha kupiga. Kubwa ni raha kupiga, karaha kubeba. Hapo katikati ndipo ninapopatia mkate."

Alimtolea kwanza kibastola chenye silinda inayozunguka, cha risasi tano, chepesi kama andazi. Royce alikipenda mpaka walipokwenda nyuma kukijaribu. Risasi ya kwanza ilimrudisha mkono mpaka sikioni, ya pili ilikwenda kusalimia ukuta. Bega likamwambia asitafute ya tatu.

"Hiki kinamwumiza nani?" aliuliza Royce.

"Anayekishika. Lakini anayekutazama usoni naye huona huruma."

Cha pili kilikuwa kidogo zaidi, cha kuingia mfukoni kama pakiti ya sigara. Kilitengenezewa watu wenye vidole. Royce hana vidole, ana matawi. Kidole cha mwisho na cha pembeni yake vilikosa pa kushika, vikaning'inia chini ya mpini kama wageni waliokosa viti harusini.

"Kinachokusaliti si mtutu," Gaylon alimwelimisha. "Mtutu unaingia ndani ya suruali, nani atautafuta huko?"

"Twyla."

"Twyla alishakata tamaa zamani. Kinachokusaliti ni mpini. Mpini ndio unaochomoza kwenye fulana. Ukifupisha mpini, umejificha, lakini huwezi kushika. Ukiurefusha, unashika, lakini mtaa mzima unajua."

"Na tumbo hili?"

"Tumbo ni neema, bwana. Tumbo ni pazia. Ila ukiiweka mbele, ukikaa itakuchimba. Ukiiweka nyuma ya nyonga, ukiinama kuokota soseji tutaiona wote. Ukiifunga mguuni, uvae suruali ndefu. Jumamosi nyumbani unavaa nini?"

"Kaptura."

"Ya mkanda?"

"Ya mpira."

Gaylon alifumba macho kama daktari aliyepokea majibu mabaya.

Ya tatu ndiyo aliyoondoka nayo: bapa, nyeusi, unene wake kama simu mbili zilizolaliana, mpini wa kumtosha vidole vitatu na nusu. Aliondoka pia na ala ya plastiki ya kuingia ndani ya kiuno, na mshipi mgumu wa kuvaliwa chini ya kaptura, kwa sababu kaptura ya mpira peke yake ingeifuata bastola mpaka magotini. Ukijumlisha, ili aonekane mtu aliyevaa ovyo kwa starehe ya Jumamosi, Royce sasa alihitaji matayarisho ya bibi harusi.

Twyla aliniita juu ya uzio.

"Jirani! Njoo, kuna mwali anatolewa ndani."

Nilimkuta Royce sebuleni, kidevu juu, mikono haijui iende wapi. Alikuwa amevaa fulana ya kijivu ya timu ya shule.

"Unaona kitu?" akaniuliza.

"Namwona mtu anayeniuliza kama naona kitu."

"Acha hiyo. Tumboni, unaona?"

"Kabla hujauliza sikuona."

Twyla alikuwa ameketi kwenye kiti chake, bakuli la bamia mapajani, anazikata. "Mwambie ukweli, jirani. Anafanana na mtu aliyemeza pasi."

Akajaribiwa. Alitumwa kuchukua kopo juu ya kabati. Fulana ikapanda, ala ikachungulia. Alitumwa kuokota kijiko. Akainama kama mwenye kigongo, akakikosa, akarudi juu mwekundu usoni. Aliketi, akaguna. Alipotoka barazani, upepo wetu, ambao haujawahi kupumzika tangu nchi hii ianze, ulimbandika fulana tumboni, na pale palikuwa na bastola, imechorwa vizuri kuliko kwenye tangazo la duka.

"Fulana imekufa," alisema Twyla. "Jaribu la maua."

Shati la maua ndilo jibu la wanaume wote wa hapa. Ni pana, refu, halichomekwi, na lina vurugu za rangi za kulichanganya jicho. Mwanamume wa hapa akianza ghafla kuvaa minazi na kasuku, usidhani ameenda Hawaii. Nimewahi kuwahesabia kasuku wao kwenye foleni ya kambare wa kukaanga nikajiuliza kama yupo aliyekuja kula tu. Shati lenyewe linalotakiwa kuficha ndilo linalotangaza, lakini hilo hawalikubali; kila mmoja anaamini ni yeye peke yake aliyeligundua.

"Sasa je?" Royce aligeuka, minazi ikageuka naye.

"Sasa huonekani hata wewe," alisema Twyla.

Na kweli haikuonekana. Nilitazama kwa uaminifu, sikuiona. Royce alitabasamu tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu enzi za gari la nyaya. Kisha akamgusa Twyla bega kwa kiganja na kwenda dukani kumwonyesha Gaylon.

Twyla alikata bamia mbili, tatu.

"Umeona alivyonishika?" aliniambia. "Bega. Kama mchungaji anamwombea mgeni."

Hili sharti nilieleze. Kanisani kwetu, ibada ikiisha, wanaume hukumbatiana ubavu kwa ubavu, bega likagusa bega, kiganja mgongoni mara mbili, wakaachana. Mgeni huweza kudhani ni haya. Si haya. Kila mmoja ana chuma chake kiunoni na hataki cha mwenzake kigongane nacho mbele ya madhabahu. Royce hakuwa hivyo. Royce alikuwa mkumbatiaji wa kifua, mtu wa kukunyanyua miguu ikaachana na ardhi, mkumbatiaji ambaye wazee wenye mifupa mepesi walimkwepa. Tangu aanze kubeba, akawa wa ubavu.

"Hajanikumbatia kwa mbele tangu Sikukuu ya Shukrani ya Novemba iliyopita," alisema Twyla. "Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nimeshazaa, basi na afiche."

Jumamosi zikaanza. Janna alikuja na Opal kwenye kiti chake cha gari, Royce alitoka na kasuku zake, akambusu binti yake shavuni kwa mbali kama anayebusu jiko la moto. Hakuna kilichoonekana. Bastola ilifanya kazi yake yote ya kutokuwepo. Kwa upande huo ulikuwa ununuzi bora kuliko wote aliowahi kufanya.

Ila Royce ana jambo moja: si mwongo. Alikuwa ameahidi kwamba akiwa na bastola hatamshika Opal, na ahadi hiyo aliitimiza kikamilifu. Alikuwa nayo, na hakumshika.

Sababu hazikukosekana. Mikono ilikuwa na mafuta ya nyama. Mikono ilikuwa na moshi. Alikuwa na mafua kidogo. Alimchezea Opal kwa fimbo ndefu yenye manyoya mwishoni, kitu alichonunua duka la vifaa vya paka. Alilala nyasini mbali na blanketi la mtoto, akamwimbia kutoka huko, kama mtu anayemwimbia ng'ambo ya mto. Opal alitambaa kumfuata. Royce alirudi nyuma kwa viwiko. Niliwatazama wakivuka bustani nzima hivyo, mtoto akicheka akidhani ni mchezo, mpaka Royce akafika kwenye nyanya na hakuwa tena na pa kurudi, na Twyla ikambidi aje amwinue mtoto.

"Baba, hujambeba leo," alisema Janna.

"Bega, mwanangu."

"Lipi?"

"Hili." Akashika la kushoto.

Janna alimtazama. Yeye ndiye aliyemwosha kidonda cha bega la kulia kwa mikono yake mwenyewe. Alimtazama tu kama wauguzi wanavyotazama, wakati maneno ya mgonjwa yako upande mmoja na kipimo kiko upande mwingine.

Jumamosi ya mwezi wa tano mbingu ilikuwa imefanya rangi ile ya jeraha linaloanza kupona, kijani na zambarau. Ndani ya nyumba mtabiri wa hali ya hewa kwenye televisheni alikuwa amevua koti. Sisi wa hapa hatutazami ramani zake, tunamtazama yeye. Akivua koti, unaingiza mbwa. Akikunja mikono ya shati, unatafuta viatu. Twyla aliinua kichwa na kusema, "Amekunja," na king'ora cha mji kikaanza kulia wakati huohuo.

Mimi sina shimo la kimbunga, hutumia lao. Liko nyuma ya nyumba, limechimbwa ardhini, zege pande zote, mlango wa chuma unaolala juu, ngazi fupi kama ya kuingia ndani ya mtumbwi, na mabenchi mawili yanayotazamana kiasi kwamba magoti yanasalimiana. Twyla alitangulia kwa sababu ya goti lake. Nikafuata na taa. Royce akashuka baada yangu, akageuka pale chini ya ngazi, akainua uso ili awapokee Janna na mtoto. Ndivyo alivyofanya miaka yote: fundi hushuka, kisha anageuka kuwapokea wengine.

Mawe ya barafu yalikuwa yameanza, makubwa kama limau. Janna alikuwa juu, amemfunika Opal kwa mwili wake. Alihitaji mikono yote miwili, ashuke na kuuvuta ule mlango. Akamteremsha mtoto.

"Baba, mshike!"

Royce alinyoosha mikono. Nilikuwa nyuma yake, niliona mikono ikienda. Ikafika nusu, ikasimama hapo hewani, imefunguka, na Opal akining'inia kiasi cha shibiri moja juu yake.

"Subiri," alisema. "Mpe — subiri. Mpe jirani."

"Baba! Mshike mtoto!"

"Mpe jirani, nakuambia!"

Lakini mimi nilikuwa nyuma ya mgongo wake, na mgongo wake ulijaza shimo lote. Upepo ukaingia kwa mlango, ukashuka ngazi, ukalibandika lile shati la maua tumboni mwake, minazi, kasuku na yote. Janna aliitazama mikono iliyosimama. Kisha akalitazama tumbo.

Hakupiga kelele. Alimrudisha Opal kifuani, akashuka ngazi kwa mkono mmoja huku barafu ikimpiga kichwani, akateleza, goti likakwaruza zege kutoka juu mpaka chini. Akampita baba yake ubavuni. Akanikabidhi mtoto. Royce alipanda akavuta mlango, akaufunga, na tukawa gizani na taa yangu moja.

Barafu ilitwanga chuma juu yetu. Kisha Janna, akijifuta damu gotini kwa pindo la fulana yake:

"Iko wapi?"

"Mbele," alisema Royce.

"Ina risasi?"

"Sasa bastola isiyo na risasi ni—"

"Baba."

"Ina."

"Tangu lini?"

Royce aliangalia taa. Twyla naye aliangalia taa. Ikawa taa inayotazamwa sana.

"Mama, ulijua?"

"Najua mtu huyu akipanga kupiga chafya, nitakosa kujua hili?"

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza kwako. Yeye mwulize kama amewahi kunisikia nimenyamaza."

"Naweza kuitoa," alisema Royce. Mkono wake ukaanza kwenda kiunoni. "Niitoe sasa hivi niiweke—"

"Usiiguse!" Tulisema wanawake watatu kwa pamoja. Tulikuwa ndani ya sanduku la zege lenye upana wa kabati la nguo. Royce aliweka mikono juu ya magoti, mmoja huku, mmoja huku, akatulia kama mtoto aliyepigwa marufuku.

Opal alikuwa mapajani mwangu, analia. Aliisikia sauti ya babu yake gizani, akageuka, akamnyooshea mikono, akajivuta kutoka kwangu kwa nguvu zake zote kwenda kwake. Magoti yetu yalikuwa yanagusana. Royce aliyavuta yake pembeni. Aliegemea zege, akabana tumbo, akajikunja mbali kadiri mtu mkubwa anavyoweza kujikunja. Huyu ndiye aliyejitayarisha tangu mtoto azaliwe amlinde mtoto huyu na kila kitu. Kikaja kile kitu, kikanguruma juu ya vichwa vyetu kama treni inayotafuta reli, na ulinzi pekee alioweza kuutoa ulikuwa kumkwepa.

"Nataka kwa babu," Opal alikuwa anasema kwa lugha yake isiyo na maneno.

"Hapana, kipenzi," Royce alimjibu. "Hapana. Kaa huko huko."

Nilimwona Janna akigeuza uso ukutani.

Kimbunga kilipita mashariki yetu. Kilichukua ghala la nyasi la watu na kumwacha ng'ombe mahali ghala lilipokuwa, anatafuna. Sisi kilitukatia miti na umeme, kikatuachia nyumba. Tulipofungua mlango mwanga ulikuwa wa dhahabu, wa aibu, kama hakuna kilichotokea. Mtaa mzima ulikuwa umetoka nje, kama kawaida ya hapa, watu wanahesabiana kwa sauti kutoka baraza moja hadi nyingine. Gari la umeme lilikuwa limeshafika kwenye kona na vijana wawili wanafunga kamba za kupandia. Royce aliwatazama kwa muda mfupi. Kisha akaingia ndani.

Janna alikuwa anapakia gari. Alirusha mifuko ya mtoto ndani bila kuikunja, chupa, blanketi, bata wa plastiki. Twyla alisimama na bakuli la bamia za kukaanga zilizofunikwa, hajui ampe au asimpe. Hakuna aliyesema "Jumamosi ijayo." Nilikuwa nimesikia hapo awali watu wakiagana na wazee wao kwa namna ile, na baadhi yao hawakurudi isipokuwa kwa mazishi.

Mlango wa mbele ukafunguka, Royce akatoka. Hakuwa na shati. Alikuwa na kaptura ya kuogelea ya zamani, mpira wake umelegea ameushika kwa mkono, na miguu mitupu. Kifua cheupe, shingo nyekundu, bega lenye kovu lake. Na chini ya kitovu palikuwa na alama, nyekundu, imezama ndani ya nyama, umbo la mpini.

Alishuka ngazi za baraza akasimama kwenye nyasi mbele ya binti yake na mbele ya mtaa.

"Iko kabatini," alisema. "Nimefunga."

Janna aliendelea kushika mlango wa gari.

"Ndivyo ulivyokubali mwanzo."

"Najua."

"Nitakuaminije, Baba?"

Janna akauachia mlango wa gari.

"Geuka."

Akageuka.

"Inua mikono."

Aliinua. Wa kushoto ulifika juu kabisa, wa kulia ulikomea sikioni. Ikambidi aachie kaptura, na kaptura, kwa rehema za Mungu, ikabaki. Janna akampapasa. Alianza kwapani, akashuka mbavuni, akazungusha kiuno kwa vidole viwili chini ya mpira, akapapasa mapaja, akachuchumaa na goti lake lenye damu akashika vifundo vya miguu, kimoja, kingine. Mtaani kwetu tumewahi kuona polisi wakiwafanyia watu hivyo, kandokando ya barabara kuu, watu wa namna nyingine. Hatujawahi kuona akifanyiwa mtu anayeitwa Tackett. Hata vijana kwenye nguzo waliacha kazi wakaangalia. Royce alitazama mbele, hakushusha mikono mpaka alipoambiwa.

"Shusha."

Janna alimchukua Opal mikononi mwangu. Alisimama naye kidogo. Kisha akamweka kifuani kwa baba yake.

Royce alimpokea kwa mikono yote miwili, mtoto akajilaza kwenye ile nyama yote nyeupe, akashika kovu la bega kama mpini wa mlango. Royce alifumba macho. Baadaye alisema, kwa mshangao:

"Kumbe ni mzito."

"Tangu Krismasi, Baba," alisema Janna.

Hawakupatana kwa maneno. Watu wa hapa maneno ya aina hiyo huyasubirisha mpaka kitanda cha hospitali. Bastola ile bapa ipo, na siku sita za wiki Royce huivaa na kasuku zake, anakwenda nayo kununua mbolea ya nyanya na kurudi salama, jambo analolihesabu kama ushahidi. Lakini Jumamosi gari la Janna likikata kona, yeye huwa ameshasimama kwenye nyasi na fulana yake, mikono juu, mmoja mrefu na mmoja mfupi. Janna humpapasa bila haraka na bila mzaha. Hajawahi kuruka hata mguu. Halafu humpa mtoto.

Opal sasa anatembea. Anashushwa kwenye gari, anasimama wima kwenye nyasi, anamwona babu yake, na kabla hajacheka wala kuita, anainua mikono yote miwili juu kabisa na kutulia, akisubiri apapaswe. Majirani hucheka kila mara, wakamwita mtoto mwerevu. Janna huishusha ile mikono midogo, mmoja baada ya mwingine, na Opal huiinua tena.